Uvimbe Uliotoka Kwenye Tangi la Samaki

Kosa langu kubwa nililifanya siku ya kwanza kabisa kazini, kabla hata sijaoneshwa mahali pa kuweka begi. Mama mmoja aliyekuwa mpishi katika nyumba ile ya wageni, hapa Ifakara mjini, alisimama mbele ya tangi kubwa la kioo lililokuwa sebuleni akaniuliza, "Haya maji, mtu akiyashika hayana shida?" Nikamjibu papo hapo, "Hayana, mama. Ni safi kuliko ya bombani." Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimejifunza ufugaji wa samaki wa mapambo kwenye simu, na niliogopa sana kuonekana sijui.

Yule mpishi ndiye Mama Oliva, na sehemu kubwa ya habari hii ni yake. Naiandika kwa ajili ya wadogo zangu mnaonitumia ujumbe mkitaka kuanza kazi hii. Nimeifanya miaka tisa, nimeiacha mwaka huu. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wazee wenye mvi, nami nina thelathini na moja. Lakini kazi yenyewe huku kwetu ni changa, na simjui aliyenitangulia ambaye ningemsubiri aandike.

Siku hiyo hiyo nilipelekwa kwa Meneja. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyetumia nusu ya maisha yake akiwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha sukari kabla ya kuja kusimamia vyumba kumi na nne na tangi moja la samaki.

"Wewe ndiye fundi wa samaki?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo mimi."

"Marahaba. Umesomea wapi?"

"Nimejifunza mwenyewe, mzee."

"Sasa ukikosea, tumlaumu mwalimu gani?"

Mama Oliva, aliyekuwa anapita na sufuria, akanijibia: "Ilaumu simu yake, Meneja. Si ndiyo imemsomesha?" Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Usiku huo sikulala vizuri, nikijiapiza kwamba sitawapa nafasi ya kunicheka tena.

Nikawa fundi wa kupitiliza. Nilikuwa na daftari ambamo niliandika joto la maji asubuhi, mchana na jioni. Nilijua kwamba chujio, kile kifaa kinachozungusha maji na kunasa uchafu, halioshwi kwa maji ya bomba, kwa sababu ndani yake wanaishi vijidudu wema wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki. Nilijua kubadilisha robo ya maji kila wiki. Kwa kubadilisha nilitumia mpira: unatia ncha moja ndani ya tangi, ncha ya pili unainyonya kwa mdomo mpaka maji yaanze kuja, kisha unaitupa haraka kwenye ndoo. Mara nyingi haraka yangu haikutosha, nikameza. Tumbo likinikata, nikiharisha siku mbili, nilisingizia dagaa wa sokoni. Sikutaka hata kuwaza kwamba maji yangu yanaweza kumuumiza mtu.

Meneja alinifundisha jambo moja ambalo simu haikunifundisha. Siku moja alinikuta nimezamisha mkono hadi kiwiko ilhali kipasha joto na pampu ya hewa bado vimechomekwa ukutani.

"Toa mkono," alisema taratibu. Nikautoa. "Chomoa kwanza, halafu ndiyo uingie. Kule kiwandani mashine haikumuuliza mtu kama ni mtaalamu au kibarua. Ilimkata tu."

Wiki iliyofuata nilikuta kioo cha kile kipasha joto kina ufa, yaani umeme ungeweza kupita majini hadi kwenye mkono wangu. Namshukuru Meneja mpaka leo.

Lakini aliponitaka nivae glavu nilimbishia. Kwenye kioo cha tangi huota utando mwembamba ambao macho hayauoni; ncha za vidole ndizo zinauhisi, kama ute. Ukivaa glavu hisia hiyo inapotea. Nilijivunia vidole vyangu. Niliwaambia watu kwamba fundi wa kweli anasafisha kwa mkono mtupu, na sentensi hiyo naikumbuka kwa aibu kwa sababu ilimfikia Mama Oliva.

Mwaka wa tatu nilipata tangi la pili, katika ofisi ya chama cha wakulima upande wa Lumemo. Jumamosi nikawa naenda huko, na tangi la nyumba ya wageni nikamfundisha Mama Oliva alisafishe. Alifurahi mno. Aliwapa samaki majina ya jamaa zake wa Mahenge na kuwasema wanavyostahili. "Huyu mwekundu ni shemeji," aliniambia. "Muone. Anakula cha wenzake halafu anajifanya hakuona." Nilimwonesha namna ya kupitisha vidole kwenye kioo, pembe kwa pembe, na kusugua mawe ya chini kwa kiganja. Sikumwonesha namna ya kunawa baadaye. Sikumwambia aangalie kama ana kidonda.

Na vidonda alikuwa navyo. Mama Oliva alikuwa na shamba la mpunga huko Mchombe. Msimu wa mavuno aliomba ruhusa, akaenda kuvuna na ndugu zake, akarudi na mikono iliyochanwachanwa na majani ya mpunga na kukatwa na mundu, kama inavyokuwa mikono ya kila mtu katika bonde letu hili la mpunga miezi ile. Hakuna anayeihesabu mikato hiyo kuwa ni vidonda. Jumamosi iliyofuata aliingiza mikono hiyo kwenye tangi.

Baada ya wiki kadhaa akatoka uvimbe kwenye fundo la kidole cha kati cha mkono wa kulia, mwekundu ukielekea zambarau. Haukumuuma sana. Zahanati walimpa vidonge vya jipu. Ukatoka wa pili juu ya kifundo cha mkono, kisha wa tatu na wa nne, ukipanda kwenye mkono kwa mstari, kama vifungo vya shati. Akapewa vidonge vingine. Uvimbe wa kwanza ukapasuka, ukawa kidonda kisichofunga. Kidole kikaanza kukakamaa, akawa anashika mwiko kwa mkono wa kushoto.

Mhudumu mmoja wa vyumba alianza kunong'ona kwamba ni ukoma. Hakuwa na ubaya, aliogopa tu. Lakini neno hilo likishatamkwa mahali penye chakula, haliondoki. Mama Oliva akaanza kula peke yake nyuma ya jiko. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nawapunguzia kazi ya kutafuta pa kukaa."

Sasa niungame. Wakati huo na mimi nilikuwa na uvimbe mdogo kwenye kidole cha shahada, nimeufunika kwa plasta, nikiwaambia watu nimechomwa na waya. Nilikuwa nimekwisha kusoma kwenye simu kwamba kuna ugonjwa wa ngozi unaowapata wafuga samaki, kwamba kijidudu chake huishi kwenye maji ya tangi na huingilia kwenye mchubuko, na kwamba uvimbe wake hupanda kwa mstari namna ile ile. Nilisoma, nikazima simu. Nikaipanga mikono yetu miwili kichwani mwangu, wake na wangu, nikajua. Nikakaa kimya siku kumi na moja. Nilijiambia sina uhakika. Ukweli ni kwamba kama ningesema, tangi lingetolewa, na kusafisha tangi ndilo jambo pekee duniani nililokuwa nalifanya vizuri kuliko wengine.

Siku ya kumi na mbili Meneja alimwita Mama Oliva ofisini. Nilikuwa sebuleni nafuta kioo, mlango uko wazi.

"Mama Oliva, sikufukuzi," alisema. "Lakini wageni wanaangalia mkono wako, hawaangalii sahani. Nenda nyumbani mpaka upone."

"Na nisipopona?"

Meneja akapanga karatasi zilizokuwa mezani.

"Meneja, miaka yote hii nimepika hapa. Mkono huu ndio unaomsomesha Oliva. Ukiniambia nenda mpaka upone, na zahanati wamenipa vidonge mpaka nimechoka kumeza, wewe unaniambia nenda moja kwa moja."

Nilisikia anafungua aproni. Sijui miguu yangu iliamua saa ngapi, lakini nilijikuta mlangoni, kitambaa cha maji mkononi.

"Mzee, ni tangi," nilisema.

"Tangi limefanya nini?"

"Hiyo mikono. Siyo ukoma. Nadhani ni maji ya tangi. Nilimwambia ni safi, na sikujua." Nikabandua plasta, nikaonesha kidole changu. "Na mimi ninao."

Nilitegemea kutukanwa. Mama Oliva akaja karibu, akakishika kidole changu akakigeuza kwenye mwanga kama anayekagua nyanya sokoni. "Mwone huyu," alisema. "Kumbe ana wake, kaufunika. Mimi nakula nyuma ya jiko kama mbwa, yeye kaweka plasta."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe tukishapona. Kwa sasa nina hasira."

Meneja akasimama, akachukua ufunguo wa pikipiki. "Hasira mtaimalizia njiani. Twende hospitali, wote wawili, leo."

Kwenye chumba cha daktari wa ngozi ndipo nilipoelewa kwa nini zahanati walikuwa wamekosea. Daktari alikuwa kijana aliyenizidi umri kidogo, mpole. Akauliza, "Mama, kazi yako?" Mama Oliva akajibu, "Mkulima." Akanigeukia. Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Mkulima." Bondeni kwetu hivyo ndivyo tunavyojibu. Mwalimu anajibu mkulima, fundi cherehani anajibu mkulima, kwa sababu kila mtu ana ekari yake mahali fulani na ni jibu lisilo na majivuno. Mama Oliva alikuwa amelitoa jibu hilo kule zahanati mara tatu. Kwa hiyo kila aliyemtibu alitibu mwiba wa shambani.

Daktari alikuwa ameanza kuandika. Nikasema, "Dokta, samahani. Shamba tunalo, lakini mimi nasafisha matangi ya samaki. Na yeye nilimfundisha."

Kalamu ikasimama. "Samaki wa kwenye kioo?"

"Ndiyo."

"Kwa mikono mitupu?"

"Ndiyo."

"Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta," alisema, na hakunigombeza. Alikata kinyama kidogo kwenye uvimbe wa kila mmoja, akaandika maelezo ya ziada kwa watu wa maabara. Alitueleza kwamba kijidudu anachokishuku hupenda ubaridi kuliko joto la ndani ya mwili, ndiyo maana hukaa kwenye vidole na mikono, na ndiyo maana maabara lazima iambiwe, wakioteshe kwenye joto la chini. Bila hivyo hawatakiona. Ni cha ukoo mmoja na kijidudu cha kifua kikuu, lakini si kifua kikuu, wala si ukoma, na kwa kawaida hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Mama Oliva alimwomba arudie hiyo ya mwisho, Meneja asikie vizuri. Daktari akarudia. Meneja akatazama viatu vyake.

Majibu yalichelewa wiki nyingi, yakaja kama alivyosema. Dawa tulimeza kwa miezi. Meneja alimweka Mama Oliva mapokezi wakati kidonda kinafunga, na siku ya kwanza alikula naye meza moja, mbele ya wafanyakazi wote. Wengine wakafuata. Nilipomwambia Meneja alitoe tangi, Mama Oliva ndiye aliyekataa. "Samaki wamekosa nini? Aliyekosa ni wewe na vidole vyako." Tukanunua glavu ndefu za mpira zinazofika kiwikoni na pampu ya kuvutia maji isiyohitaji mdomo. Maji machafu hayakumwagwa tena kwenye sinki la jikoni. Kila anayegusa tangi alinawa kwa sabuni hata kama alivaa glavu. Utando kwenye kioo niliacha kuuhisi. Tangi halikuwahi tena kung'aa nilivyotaka, na hakuna samaki aliyelalamika.

Baadaye nilifanya kazi kwenye mabwawa ya vifaranga vya sato njia ya Mlimba, chini ya Bwana Samaki, yaani afisa wa ufugaji wa samaki, aliyeniamini kuliko nilivyojiamini. Mwaka jana kidole changu kiliugua tena, safari hii hadi kwenye mshipa unaokikunja, na daktari yule yule akaniambia ni bora nikae mbali na maji ya samaki. Sasa nauza vipuri vya baiskeli Lupiro. Nilidhani nitaumia zaidi kuiacha kazi. Badala yake najikuta nawashukuru watu: mzee aliyesema chomoa kwanza, daktari aliyesimamisha kalamu, na mama aliyenikasirikia kwa haki kisha akanisamehe kama alivyoahidi.

Mama Oliva amerudi jikoni. Kidole chake cha kati hakikunjiki mpaka mwisho, na hakitakunjika. Vingine vyote vinafanya kazi. Oliva amemaliza shule. Na katika nyumba ile ya wageni, kila Jumamosi asubuhi kabla tangi halijafunguliwa, wafanyakazi wanakaa jikoni wanaoneshana mikono, mbele na nyuma, na mwenye mchubuko wowote siku hiyo hasafishi.