Kijiko cha Maji ya Machungwa

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa bado hajaweza kukaa mwenyewe pale nesi wa zahanati aliponiambia nianze kumpa maji ya machungwa. Siku hizo kliniki ndivyo zilivyofundisha. Leo wanasema mtoto aachiwe ziwa la mama peke yake hadi miezi sita. Nesi alituonyesha sisi akina mama tuliokaa kwenye benchi: unakamua chungwa, unachuja kwa kitambaa safi, unachanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha unampa kijiko kimoja. Nilirudi nyumbani Mlali nikamweleza mume wangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji chetu cha ujamaa, mtu wa Songea, na neno la nesi kwake lilikuwa amri. Jioni ileile akaja na machungwa kikapuni.

Mama yangu, aliyekuwa ameshuka kutoka kwetu milimani kuja kunisaidia kulea, alikuwa jikoni. Aliuliza machungwa ni ya nini, nikamwambia. Akaweka mwiko chini.

"Mwambie baba wa mtoto, tumbo la huyu bado ni la maziwa."

Mume wangu alikuwa barazani na alisikia kila neno. Lakini mtu na mama mkwe wake kwetu hawabishani uso kwa uso. Naye akaniambia mimi, kwa sauti ya kumfikia mama:

"Mwambie mama kwamba nesi kazi hiyo ameisomea."

Nikabaki mlangoni na mtoto begani, nimebebeshwa maneno ambayo wote wawili walikwisha kuyasikia.

Ikawa hivyo siku nyingi. Mama aliacha kumtua mtoto. Alifua naye mgongoni, akapika naye mgongoni, akanipa wakati wa kunyonyesha tu, na hata hapo alikaa karibu akiitazama mikono yangu. Mume wangu akirudi kutoka shuleni aliuliza neno moja: "Amepewa?" Nikisema bado, hakugomba. Alikula, akainuka. Mimi chakula kilinishinda, usingizi ukanipotea, na maziwa yakaanza kupungua. Usiku nilimwambia mume wangu hilo.

"Basi kesho nitampa mwenyewe," akasema, "mama akubali asikubali."

Alisema polepole, lakini kuta za nyumba ile hazikufika juu kwenye paa. Upande wa pili nilisikia kitanda cha mama kikilia.

Kesho yake ilikuwa zamu yetu kulima shamba la kijiji. Nilimwacha mtoto kwa mama kama kawaida. Niliporudi, matiti yakiniuma kwa kujaa, nilikuta mlango umerudishiwa tu, mbeleko haipo, na furushi la mama halipo. Jirani akaniambia amemwona akipita na mtoto kuelekea njia ya mlimani.

Nilikimbia shuleni. Mume wangu alinitazama usoni, akaweka chaki mezani, tukaondoka. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na katika mambo mazito kaka wa mama ndiye mwenye kauli. Nilijua mama anakwenda kwa kaka yake, mkubwa wa ukoo wetu. Mzee yule akisema mtoto abaki kule juu, mume wangu hatakuwa na mahali pa kusimamia. Yeye pia alijua. Udongo ulikuwa na utelezi wa mvua, na kila kona niliyoikata bila kumwona mama, nilizidi kuongeza mwendo.

Sauti ya mtoto ndiyo iliyotufikia kwanza. Mama alikuwa ameketi juu ya jiwe kando ya kijito, anambembeleza, na mtoto analia kwa njaa. Nilimnyakua nikamnyonyesha palepale. Nilikuwa ninalia, sikuweza kubeba neno la mtu yeyote.

Mume wangu alichutama mbali kidogo, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Kijito kiliendelea kupiga kelele. Kisha mume wangu akasema, "Mama, unaninyang'anya mtoto?"

"Nampeleka kwa kaka yangu aamue. Ninyi mmeshaamua."

"Ni kijiko tu, mama."

"Ndiyo, kijiko!" Mama alininyooshea kidole. "Kabla ya huyu nilizaa wa kiume. Nilikwenda kulima, nikamwacha kwa mdogo wangu. Alilia, akapewa maji ya muwa anyamaze. Akaharisha. Hospitali hatukufika naye. Sijui kama ni ule muwa, sijui kama siku zake zilikuwa zimefika. Hakuna aliyejua."

Maisha yangu yote nilikuwa nimejiita mzaliwa wa kwanza. Nilimtazama mama, naye hakunitazama.

"Sikujua," mume wangu akasema.

"Hukuambiwa."

"Lakini na mimi naogopa, mama. Maziwa yanapungua. Mtoto akikonda nifanye nini?"

"Mama yake ale kwanza, alale. Mtoto akikaa mwenyewe, sitazuia."

"Nimekubali. Turudi nyumbani."

Mama hakuinuka upesi. Alitazama njia ya juu, akatazama ya chini. Mwishowe alichukua furushi lake akamnyooshea mkwewe, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Kliniki nilikaripiwa mbele ya wenzangu kwa kutofuata maelekezo. Nilivumilia. Maziwa yalirudi, ingawa si siku moja, na kila mtoto alipopimwa mume wangu aliniuliza uzito kabla sijavuka kizingiti.

Mtoto alikuja kukaa mwenyewe baada ya mvua kuisha. Asubuhi moja mume wangu alikamua chungwa, mama akachuja, mimi nikashika kijiko. Mtoto alikunja uso, akatema nusu, nusu akameza. Baada ya muda vipele vyekundu vilitokea kando ya mdomo. Mama alisimama. Mume wangu naye akasimama. Nilimfuta uso kwa maji safi, tukakaa barazani sote tukimwangalia, hakuna aliyekwenda kokote.

Kufika adhuhuri vipele vilikuwa vimefifia. Mtoto alilala chali kwenye mkeka. Mama akamgusa tumbo, akalikuta laini, akaniambia nijilaze pembeni ya mtoto.