Sponji Iliyokunywa Sauti Yangu

Niliambiwa kwamba sponji wanayobandika kwenye kuta za studio inakunywa sauti za watu, nami nikaamini kwa moyo wote, na cheti changu cha kidato cha nne kikiwa kabatini. Aliyeniambia ni mpiga dramu wetu, kijana wa Olmotonyi anayeotesha miche ya miti, mtu asiyetabasamu hata umtekenye.

"Kila mtu ana sauti ya kiasi chake," alisema. "Ukiimba mle, nyingine inaingia kwenye rekodi, nyingine inanyonywa na ukuta. Unadhani kwa nini waimbaji wa zamani wote wanakohoa?"

Hoja hiyo ilinimaliza.

Tulikuwa wanne, wote tumesoma madarasa ya jioni, bendi ya roki isiyo na meneja wala mdhamini, na tulikuwa tunakwenda studio moja ya Sokon I kurekodi albamu yetu ya kwanza: nyimbo kumi, siku tatu. Furaha yetu ilikuwa kubwa kiasi kwamba nina hakika Mlima Meru ulisogea kidogo kutupisha. Shida ni kwamba Jumamosi ya wiki ileile ilikuwa sendofu ya dada yangu, kule Akheri, nami nilishaahidi kumwimbia wakati anaagwa.

"Usipoimba," alinionya, "narudisha kreti zote za soda, siolewi, na mama atakuuliza wewe."

Kwa hiyo siku ya kwanza niliimba kwa kubana matumizi. Prodyuza, dada mmoja mpole aliyevaa sweta hata jua likiwaka, akatusimamisha.

"Kaka, unaimba au unasali?"

"Naimba."

"Mimi nasikia dramu tu."

Mpiga dramu akaona amesifiwa.

Tukaanza upya. Gitaa la umeme lilipoingia, jamani, nikasahau dada yangu, nikasahau soda. Mimi nimelelewa kwenye kwaya ya Kilutheri isiyo na maikrofoni, ambako sauti yako lazima imfikie bibi wa benchi la mwisho, na bibi mwenyewe hasikii vizuri. Niliimba vivyo hivyo, midomo ikigusa maikrofoni, siku tatu mfululizo. Taa za mtambo ziliwaka nyekundu zote. Ng'ombe wa Monduli waliacha kula. Wimbo wa kumi ulipokwisha tulikumbatiana, tukarukaruka kama ndama waliofunguliwa, nikafungua kinywa nishangilie. Ikatoka sauti ya bawaba ya geti.

Wenzangu walipokwenda kutafuta chipsi, nilibaki na ule ukuta. Nikawaza: kama imo humu, basi itoke. Nikachukua kisu cha kumenyea parachichi, nikaanza kukata kipande cha sponji kilichokuwa mbele ya mdomo wangu siku zote tatu. Nilipanga kukifunga shingoni mpaka Jumamosi.

Prodyuza akaingia.

"Unafanya nini na ukuta wangu?"

Nikamweleza kwa kunong'ona: sponji, sauti, dada, kreti za soda. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alininyang'anya kisu taratibu, akakibana kile kipande kirudi mahali pake.

"Kaka, sponji inazuia mwangwi tu. Sauti yako haijaenda popote. Umepiga kelele siku tatu, koo limevimba. Leo Jumatano. Usiongee mpaka Jumamosi asubuhi, kunywa maji ya uvuguvugu, utaimba."