Mchi Wangu Kwenye Upandaji Miti

Mwaka wa 2023, masika yaliposhika Kisauni, nilikuwa mjane wa miaka sitini na miwili. Nilikuwa nimehitimu kisomo cha watu wazima, na kina mama wa mtaa wetu wa Junda walinitegemea kuwasomea kila tangazo. Miwani niliyopimiwa niliifungia sandukuni, kwani niliona inanizeesha.

Vijana wa mtaa wakabandika karatasi: Jumamosi, tarehe 6 Mei, watapanda miti palipokuwa jaa la taka, na kila mama aje na mche wake. Mimi nikasoma "mchi wake".

"Mchi wa nini, shoga?" akauliza jirani yangu, Mama Kadzo.

"Wa kupondea samadi," nikajibu bila kusita. "Hukusoma, utajuaje?"

Siku hiyo tukafika wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na mchi begani. Riziki, msichana aliyewaongoza vijana, akatupokea kwa adabu.

"Shikamooni. Mmekuja kutwanga nini?"

"Marahaba. Soma tangazo lenu," nikamwamuru.

Akasoma. "Ni mche, bibi. Mche wa kupanda."

Mama Kadzo akashusha mchi wake. "Kukosea hivyo hata sisi tusiosoma tungaliweza."

Jumapili, tarehe 14 Mei, kikao cha kina mama kiliamua niendelee kuwasomea, kwa sharti moja. Mama Kadzo alinivisha miwani mbele ya wote, akanikabidhi karatasi ile ile, nami nikasoma kwa sauti: "Mche."