Supu ya kome ambayo Mzee Ngassa hakuionja miaka miwili

Wewe ukikaribishwa chakula cha kuku, utanawa mikono?

Saa tatu asubuhi, mjini Chato, Generoza Paschal (51) amekaa kwenye kigoda jikoni kwake, anabadilisha maji ya ndoo kwa mara ya tatu. Ndani yake kuna kome, wale wadudu wa ziwani wenye magamba mawili yanayofumbana kama viganja. Wamelowekwa tangu jana ili wateme mchanga.

"Ukiwa na haraka utatafuna ufukwe," anasema.

Kwa miaka tisa alikuwa anaokota kome kwa ajili ya magamba tu. Yakisagwa huchanganywa kwenye chakula cha kuku, na debe moja humpa shilingi elfu mbili. Nyama alikuwa anawamwagia bata.

"Nikaona bata wananenepa, mimi nakonda."

Basi, akaanza kupika. Anawachemsha mpaka wafunguke, asiyefunguka anatupwa. Maji yake anayachuja kwa kitambaa. Anakaanga kitunguu, kisha nyanya nane zilizoiva hadi kupasuka, taratibu, mpaka mafuta yapande juu. Ndipo viazi mviringo, yale maji, na nyama mwishoni kabisa, isije ikawa ngumu.

Anataka kuiuza supu hiyo kwenye gulio la Buseresere. Kikwazo kimekaa barazani: mumewe, Mzee Ngassa, mtoto wa wafugaji aliyemalizia ujana wake kuchimba dhahabu Geita. Miaka miwili sasa hajaionja.

"Mume wako mwenyewe hali, sisi tule?" jirani yake, Asteria, humwambia kila akialikwa. Leo amekuja, lakini kijiko hajakigusa.

Generoza anapiga goti, anaweka bakuli mbele ya mumewe.

"Baba Ritha, karibu supu."

"Nimeshiba."

Anainua bakuli arudi nalo jikoni, kama siku zote.

"We mwanamke, hebu ngoja!" Asteria anadakia. "Shemeji, karibu tena bwana. Au unaogopa utataga?"

Mzee Ngassa anacheka mpaka anakohoa. Ananawa. Kijiko cha kwanza, cha pili. Cha tano, anainamisha bakuli. Asteria naye anavuta lake.

"Jumamosi twende Buseresere," anasema mzee. "Sufuria nitaipakata mimi garini."

Generoza anamkodolea macho. "Kumbe ulikuwa unaitaka?"

"Na harufu ya nyanya hizo kila wiki? Lakini mtu akikaribishwa mara moja tu atakubalije, Mama Ritha? Miaka yote miwili nilikuwa nataka unikaribishe mara ya pili."