Simu Iliyokataliwa Kurudi

Dada yangu ni kiziwi, na mkalimani wake ni mimi tangu utotoni. Yeye anashona nguo Isebania, mpakani na Tanzania, mimi naishi Homa Bay. Akienda hospitali hufungua kwenye brauza ukurasa niliouunda mwenyewe; simu zetu zinaonana moja kwa moja, nami namtafsiria daktari kwa ishara. Kasimu kake kamejaa, hakana nafasi ya kuweka programu nyingine.

Siku moja daktari alimwambia ana uvimbe kwenye kizazi, kwa hivyo atakitoa chote. Dada akainua mikono kuuliza kama kuna njia nyingine. Picha ikaganda. Pale mpakani simu hurukia mtandao wa Tanzania bila kukuomba ruhusa, kisha hurudi ikijisikia. Iliporudi, ukurasa wangu ukamfungia mlango: "Jina hili linatumika tayari." Akabonyeza, akabonyeza. Wapi!

Baadaye aliniandikia yaliyotokea. Mama mkwe wake, ambaye amezoea kumsoma midomo, alimwambia daktari, "Huyu hasikii, mimi nitaweka sahihi." Dada akanyakua fomu ya kukubali upasuaji na kuifutika ndani ya blauzi. Daktari akawapa wiki moja.

Nililia kwa hasira. Mume wangu akasema, "Hiyo ni network tu, mama watoto. Zoea." Nizoee nini? Dada yangu akatwe kwa sababu picha imeganda? Ng'o! Kwenda Isebania nisingeweza, nilikuwa na mimba ya miezi minane na nimekatazwa safari. Basi nikaketi na simu mbili mezani, nazima data, nawasha, nasoma kila kosa linalotokea.

Kumbe mjinga nilikuwa mimi. Seva, ile kompyuta ya mbali inayozikutanisha simu zetu, ilikuwa haijajua kwamba dada ametoka, ikadhani yule wa mwanzo bado yupo. Na mimi nilikuwa nimeuamuru ukurasa udai jina lilelile kila anaporudi. Nikabadilisha: akipotea, achukue jina jipya papo hapo, kisha simu yake itafute yangu, maana jina langu mimi halibadiliki. Nilijaribu mpaka mume wangu akaacha kunicheka.

Wiki ilipoisha dada alirudi kwa daktari, na picha ikaganda tena daktari akiwa katikati ya maneno. Nikashika tumbo, nikahesabu moja, mbili, tatu, nne. Nilipofika tano, uso wa dada ukarudi wenyewe, hakuna aliyebonyeza kitu.

Nikauliza swali lake lililokwama wiki nzima. Daktari akakiri kwamba uvimbe pekee unaweza kutolewa, ila katika hospitali kubwa zaidi, na dada atalazimika kusubiri zamu. Mama mkwe akadakia, "Sisi hatuwezi kusubiri. Tumeshakubali."

Dada hakumtazama. Alinitazama mimi, akazungumza kwa mikono yote miwili, polepole, nisije nikasingizia mtandao.

Mama mkwe wa mtu ni wa kuheshimiwa, na miaka yote mimi nimekuwa nikilainisha maneno ya dada yangu kabla hayajamfikia. Nikapandisha sauti.

"Mama, anasema mwili ni wake, na hajakutuma."