Misumeno Niliyoificha Mgombani

Mimi shule niliiacha darasa la tatu, ng'ombe wa baba walinihitaji zaidi, basi msishangae nikiwaeleza nilivyowaponza wenzangu. Tuko wazee sita hapa Kikatiti, tunatengeneza samani kwa mkono. Halmashauri ilitenga zabuni ya madawati kwa vikundi vidogo visivyo na uwezo, nasi tukaomba. Mama Ndeshi, mwenzetu mjane, alitegemea kazi hiyo aezeke nyumba yake inayovuja.

Tukaambiwa ofisa atakuja kutukagua. Sasa kwetu mgeni haonyeshwi shida. Hata maziwa ya chai utaazima. Nikaificha misumeno yetu mgombani, nikaazima mashine mbili za jirani, nikavaa na koti nililoozeshea binti yangu.

Ofisa alikuwa binti mpole.

"Shikamoo babu. Mashine hizi ni za kikundi?"

"Marahaba. Zetu zote, mwanangu," nikasema, kifua mbele kama jogoo.

Akaandika. "Basi ninyi mna uwezo, babu. Zabuni hii si yenu."

"Ni za kuazima," nikanong'ona.

Akaniangalia kwa huruma. "Anayedanganya kwenye ukaguzi anaondolewa, babu. Sasa niandike lipi?"

Mama Ndeshi hakunilaumu. Alikwenda mgombani, akarudi na misumeno, akaipanga miguuni pa yule binti, mmoja mmoja, huku binti akifunga faili lake.