Watoto Wangu Wamo, Mimi Simo

Mnifichie jina, maana hapa mtaani Mashimoni habari hazilali. Nina miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili, na tangu juzi chakula hakishuki.

Mume wangu ni seremala, kibanda chake kiko Makina. Tulianza tu kuishi pamoja, mahari bado. Mamake alipofariki mwaka jana nilishona nguo ya kwenda kuzika, akaniambia kwao mwanamke ambaye hajalipiwa mahari hakanyagi boma. Nikameza. Akaenda na watoto, mimi nikabaki nikimlilia mkwe nisiyewahi kumwona.

Mimi kazi yangu iko Kawangware, ofisi ya kompyuta. Tunachapa matangazo ya vifo kutoka magazetini na kuyaweka kwenye hifadhidata, ili Wakenya walio ng'ambo wakiandika jina kwenye mtandao walipate tangazo la mtu wao. Juzi bosi akasema nijaribu kama inatafuta vizuri, niandike jina lolote. Sasa mimi ningeandika la nani? Nikaandika la mume wangu.

Likatokea tangazo la mamake. Mnajua vile huandikwa, ukoo mzima hutajwa. Limeandikwa marehemu ni mama mkwe wa Roselyne, mke wa mume wangu. Nyanya wa fulani na fulani, na hao ni watoto wangu, niliowazaa mimi na uchungu naukumbuka. Nikajiambia mashine imekosea, nikaandika jina langu. Ikajibu hakuna kilichopatikana.

Jioni nikamuuliza mume wangu, huyu Roselyne ni nani. Hata hakukana.

"Ni mke wa nyumbani," akasema. "Wewe ni wa Nairobi."

Ati wa Nairobi, kama kitanda cha kukodi! Akaongeza kwamba watoto watahamia kwao Januari, walelewe na Roselyne. Nikamwambia bila mahari watoto ni wa baba yangu, hiyo ni mila yake mwenyewe. Basi sasa anaharakisha kupeleka ng'ombe wa mahari kwetu Krismasi, jana amempigia baba simu. Baba hajui lolote kuhusu Roselyne, amefurahi, anawaalika majirani.

Na huyu mtu bado nampenda, jamani, hiyo ndiyo inaniua. Ng'ombe wakipokelewa nitakuwa mke wa halali, nyumba haina watoto. Wakirudishwa, watoto ninao, mume sina. Nishaurini ndugu zangu, nimwambie baba awafukuze ng'ombe niliowangoja miaka yote hii?